Sauti Yangu, Sura ya Mpanda Milima

Jumatatu, 2 Septemba

Nimefika. Nimepokelewa. Nimepigwa butwaa. Kwa mpangilio huo huo.

Shule iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Lifti ndogo, watu wanne mnapumuliana. Ukitoka tu unakutana na ubao: Walimu Wetu. Picha nane, fremu nyeupe, kila mmoja anacheka kama ametekenywa. Nikaanza kuwasahihisha. Miaka kumi na mmoja ya ualimu, mkono hauachi. Tabasamu la kwanza, saba kwa kumi. La pili, sita. Huyu wa tatu anaumwa jino, nne. Nikafika fremu ya nane. Mwanamke wa rangi ya chai yenye maziwa mengi, shavu halina hata alama ya chunusi. Nikasema moyoni, mbona blauzi yake kama yangu? Na hereni zake kama zangu?

Mungu wangu. Ni mimi!

Nimesimama mbele ya picha yangu mwenyewe nisijijue. Kama mimi sikujijua, wao je?

Karani wa mapokezi alinyanyuka kwa bashasha. Nikamwambia mimi ndiye mwalimu mpya wa Kiingereza. Akachungulia nyuma ya bega langu, ndani ya lifti, kuona kama mwalimu amebaki humo.

Akaniita Mkurugenzi. Mama wa makamo, skafu shingoni, ananukia pipi ya mnanaa. Akaniangalia, akaangalia ubao, akaniangalia tena. Akauliza safari ilikuwaje. Nikasema salama. Akauliza, kwa upole kabisa, wala hakuwa anatania, kama njiani nilipata jua jingi.

Jua! Ndani ya ndege!

Akaniomba niseme kitu, chochote. Nikasoma ile aya niliyosoma siku ya usaili kwa simu. Uso ukamfunguka. Sauti ni yenyewe, akamwambia karani. Akapumua kama mtu aliyepata mzigo wake uliopotea, ila begi si lile.

Saa kumi natoka. Fremu ya nane imefunikwa karatasi nyeupe.

Jumanne, 3 Septemba

Nimepewa ufunguo. Nilidhani wa darasa.

Ni wa chumba cha kurekodia. Hatua tatu kwa mbili. Kuta zimebandikwa sponji zenye vinundu, unadhani umeingia ndani ya trei ya mayai. Meza, stuli, kipaza sauti, taa nyekundu inayowaka kikiwa wazi. Kuna kioo kinachotazama ukumbini, lakini kina pazia. Mkurugenzi alilivuta mwenyewe likafunga vizuri. Kazi yangu: kusoma masomo yote ya watoto, yarekodiwe. Madarasani watapigiwa, watarudia. Ni kwa sasa tu, alisema. Mpaka wazazi wazoee.

Wazoee nini? Hakumalizia. Akanipa pipi ya mnanaa.

"Kwa sasa" nimeipa sifuri kwa kumi.

Na siwezi kupiga meza. Niko kwenye mwezi wa majaribio. Tarehe thelathini atasaini mkataba au hatasaini. Asiposaini hakuna kibali cha kuishi, hakuna kibali ni kurudi nyumbani. Na nyumbani kiti changu kimeshapata mtu. Siku ile ile niliyoaga, mwalimu mpya aliingia ofisini na mto wake wa kukalia.

Nimemsimulia Nesi. Huyu tunaishi naye chumba kimoja, katoka pande za kwetu, anahudumia wazee kwenye nyumba yao. Dada wa miraba minne, kicheko chake majirani wanagonga ukuta.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, dada," akaniambia. "Mzee wangu wa kwanza alikataa nimshike mkono wiki mbili. Sasa hivi hali mpaka nimlishe mimi."

"Wewe walikufunga kamba," nikamjibu. "Mimi wamenirudisha kwenye trei."

Akacheka. Ukuta ukagongwa.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimerekodi masomo kumi na tisa. Wanyama, rangi, siku za wiki, sehemu za mwili. Koo linawasha.

Leo karani, binti mchangamfu, hana ubaya, akaniita mezani kwake nione jambo zuri. Wazazi wana programu kwenye simu ya kuwasaidia watoto nyumbani. Akabonyeza. Akatokea mwanamke wa kuchorwa, macho makubwa ya buluu, nywele rangi ya mahindi. Akafungua mdomo. Ikatoka sauti yangu!

Nywele zinanisimama hata ninavyoandika. Ni mimi nasema, kwa Kiingereza, "Habari za asubuhi, watoto." Ni mimi nakohoa kidogo baada ya "Alhamisi", kale kakohozi nilikosahau kukafuta. Midomo ya yule inapanuka na kufumba, kakohozi kangu kanatoka kwake.

Nikauliza, huyu ni nani? Karani akashangaa swali. Ni mchoro tu, akasema. Haumwakilishi mtu yeyote.

Basi kwa nini mtu yeyote huyo asiwe mimi?

Nikapita korido kurudi kwenye trei yangu. Darasa la wadogo wamebandika michoro ukutani, kazi ya wiki: Mchore Mwalimu wa Kwenye Spika. Ishirini na mbili. Nikaihesabu mara mbili. Yote ishirini na mbili, nywele za njano.

Jumapili, 8 Septemba

Mama kapiga simu, ya video. Kichwa nusu, dari nusu, kama kawaida yake.

"Mwanangu, sogea nikuone. Mbona umekonda? Kaka yako ananiambia kuna ubao wa picha hapo shuleni kwenu. Nipigie picha yake nimwonyeshe jirani. Amezidi kuniringia na mwanawe wa benki."

Nikasema nitapiga. Nikasema ubao unapakwa rangi. Uongo wa kwanza.

Kisha nikajikuta namlaani yule kijana wa studio ya picha kule nyumbani. Ndiye aliyenipiga picha ya maombi ya kazi na kuituma mwenyewe kutoka kwenye kompyuta yake. Kila mtu anajua ugonjwa wake. Ukikaa kwenye kiti chake atakusafisha ngozi pichani, uombe usiombe, ni kama nyongeza ya dukani. Hata picha ya babu ya msibani aliitoa nyeupe, waombolezaji wakaulizana tunamzika nani. Nikamwambia Mama: amenifikisha huku na sura si yangu, watu wananiangalia kama nimewatapeli.

Mama anageuka kumwangalia mtu pembeni. Shangazi yupo! Shangazi, na amenyamaza. Shangazi hanyamazi hata akitafuna.

"Msimlaumu kijana wa watu," akasema. "Mimi ndiye niliyempitia. Nikamwambia msafishe kidogo."

"Shangazi!"

"Nini shangazi? Ulikuwa umeshaandika sehemu ngapi? Saba. Saba hawakujibu! Nikasema huyu mtoto kichwa anacho, kinachomponza ni ngozi ya kwetu, ngozi ya marehemu baba yako na mimi. Nimekaa nayo miaka sitini, naijua ilivyonifungia milango. Umesafishwa, umejibiwa. Nimekosea wapi?"

Nilitaka kupayuka. Nikaona macho yake kwenye kile kioo kidogo. Hakuwa na aibu. Alikuwa na huruma, na hiyo ndiyo iliyonichoma.

"Hujakosea, Shangazi," nikasema. Uongo wa pili.

Jumatatu, 9 Septemba

Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo niseme.

Ile picha niliiona. Kijana wa studio alinigeuzia skrini kabla ya kutuma. Niliona kabisa. Nikajiambia ni taa. Nikajiambia, leo nimependeza.

Nikanyamaza.

Jumatano, 11 Septemba

Leo! Ngoja nitulie.

Mwalimu wa wadogo (yule wa nne kwa kumi, kumbe kweli ni jino) kafura shavu, kapelekwa kung'oa. Hakuna wa kushika darasa. Watoto ishirini na mbili, wengine wanaruka juu ya meza, wengine wanakimbizana. Mkurugenzi kagonga mlango wangu, anahema. Ni dakika arobaini tu, akasema.

Nikaingia. Wakanyamaza wote, na ule ukimya naujua sasa. Macho ishirini na mbili mara mbili. Mmoja akaingia chini ya meza. Miaka kumi na mmoja, sijawahi kuogopa watoto!

Nikasema, "Habari za asubuhi, watoto."

Midomo ikaachama. Binti mmoja wa mbele, hana meno mawili ya juu, akasimama juu ya kiti chake. Akaninyooshea kidole, akapiga kelele kwa lugha yao. Mwalimu msaidizi, binti wa mafunzo asiyeruhusiwa kushika darasa peke yake, akacheka mpaka akashika ukuta. Nikamuuliza kasemaje. Kasema: Spika ina miguu!

Basi darasa likalipuka. Wanataka niseme "nyani". Wanataka niseme "Alhamisi". Nikasema Alhamisi, wote ishirini na mbili wakakohoa. Wakakohoa! Kale kakohozi! Wanajifunza ugonjwa wangu pamoja na siku za wiki.

Nimecheka nikalia. Dakika arobaini zikawa saa tatu. Yule binti nimempa jina Pengo. Kabla ya kwenda nyumbani alifuta mchoro wake wa zamani kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka, akaomba mpya. Akachukua kalamu ya kahawia. Akanichora, na hereni, na kitobo cha pua nilichokitoboa chuoni kikaziba, ambacho hata Mama hajawahi kukiona.

Kumi kwa kumi. Sijampa mtu kumi tangu nifike.

Ijumaa, 13 Septemba

Jana nilifundisha. Leo nilifundisha mpaka saa nne.

Saa nne karani kasimama mlangoni, haniangalii usoni. Mkurugenzi ananihitaji.

Chai mezani. Biskuti. Nikajua. Nimelelewa na Shangazi, najua biskuti zinapoletwa kuna kifo. Mkurugenzi akasema nina kipaji. Watoto wananipenda. Wazazi watatu wamepiga simu. Nikauliza, wamelalamika? Hapana, hapana, hakuna aliyelalamika! Wameuliza tu, kwa heshima kabisa, mwalimu mwenyewe atarudi lini.

Mwalimu mwenyewe.

Nikamwambia mwalimu mwenyewe amekaa hapa, anakunywa chai. Akatabasamu kwa huzuni kweli. Yeye binafsi haoni tofauti yoyote kati ya watu, alisema. Lakini wazazi ndio wanaoijaza shule. Kwa sasa.

Akufukuzaye hakwambii toka. Huyu ananikaribisha biskuti.

Koridoni michoro ya kahawia, maana wenzake Pengo nao walichora upya, imebanduliwa, yote. Imerudishwa ile ya njano. Ile ya Pengo ilikuwa imetoboka, hivyo nafasi yake iko wazi.

Jumanne, 17 Septemba

Fremu ya nane imepata mtu.

Nikadhani ni mchoro wa kwenye programu. Karibu nicheke. Kumbe ni binadamu, yuko ndani ya ofisi, amevaa viatu vya kupandia milima na soksi mbili mbili. Nywele rangi ya mahindi hasa. Pua imebabuka — huyo ndiye aliyepata jua jingi! Hakuulizwa.

Mkurugenzi akatutambulisha. Huyu ni mwalimu mpya wa Kiingereza. Nikamsalimia kwa Kiingereza. Akanitazama kwa adabu. Nikarudia polepole. Akasema ndiyo. Nikamuuliza anatoka wapi. Akasema ndiyo.

Nikamgeukia Mkurugenzi. Akafunga mlango.

Jumamosi ya tarehe 28 ni Siku ya Wazazi. Wanajaa ukumbini, wanaangalia somo la mfano, wanaamua kama watoto waendelee. Mwalimu atasimama mbele na kile kipaza sauti cha kuvaa kichwani, chenye sponji nene mdomoni. Hakitawashwa. Sauti itatoka kwenye spika. Sauti yangu, kutoka kwenye trei ya mayai, nyuma ya pazia. Yeye atafungua na kufumba mdomo.

Nilicheka. Kweli nilicheka, nikidhani ni mzaha. Nikaona hawacheki.

Na mimi ndiye nitakayemfundisha wapi afungue na wapi afumbe. Siku kumi.

Nikauliza, nikikataa? Mkurugenzi akagusa karatasi mezani, akaiweka sawa na ukingo wa meza. Ni mkataba wangu. Nimeliona jina langu, na mstari mtupu chini. Atausaini mapema, Jumamosi jioni, akasema, ana imani yote yatakwenda vizuri.

Nimekuja kwenye choo cha walimu kuandika. Daftari liko magotini. Naandika kama mtoto wa darasa la kwanza.

Alhamisi, 19 Septemba

Nilijiandaa kumchukia. Kazi ngumu.

Mpanda Milima kwao anatengeneza baiskeli. Ameniambia kwa vidole na kwa kunichorea mnyororo. Alikuja huku kupanda mlima ule unaoonekana ukisimama kituo cha basi. Karani ndiye aliyemkuta hapo, anasoma ramani. Akamuuliza kama anataka kuwa mwalimu. Hawakumuuliza kitu kingine. Mimi waliniuliza vyeti vitano na barua mbili za uthibitisho!

Lugha ya kwao haina hata harufu ya Kiingereza. Anajua "ndiyo", "asante", "breki". Namfundisha maneno ya somo moja kwa siku. Anatoa jasho. Jana kapata "habari za asubuhi" nikampigia makofi bila kujijua. Mwalimu ni mwalimu, namfundisha hata mwizi wa kiti changu.

Leo kaangalia ubao, kaangalia fremu ya nane, kaona nyuma yake kumebaki kona ya picha yangu. Waliiweka yake juu ya yangu, hawakujisumbua hata kuitoa. Akaniangalia. Masikio yakamwiva. Akasema neno la Kiingereza ambalo sikumfundisha: "Vibaya."

Nikafungua ukurasa wa somo la leo. Ningejibu ningelia.

Jumapili, 22 Septemba

Kaka yangu, huyu mtu atakuja kuniua, kaingia kwenye ukurasa wa shule. Kaona tangazo: Siku ya Wazazi itarushwa moja kwa moja mtandaoni. Kamwambia Mama.

"Tutakuona mubashara!" Mama anapiga kelele, safari hii kichwa chote kimeingia. "Nimeshamwambia jirani. Nimemwambia na mwalimu mkuu wako wa zamani, naye anakuja. Kaka yako anaunganisha na televisheni. Vaa ile blauzi!"

"Mama, mtandao huku ni mbovu siku hizi."

"Usiniambie habari za mtandao. Nitakesha nao."

Shangazi akaingiza uso. Akanikazia jicho. Yeye kanusa kitu.

"Uko mbele au uko nyuma?" akauliza.

"Nyuma ya nini, Shangazi?"

"Hicho ndicho nakuuliza."

Simu ikakatika. Sijui ni mtandao au ni kidole changu.

Nesi alikuwa anapiga pasi sare yake, kasikia yote. Nilidhani ataniambia nitoke humo nikimbie. Akasema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, dada. Inama Jumamosi moja. Jumatatu una karatasi."

"Nimeinama mpaka natazamana na visigino vyangu!"

"Basi ukiinuka usizimie." Akaweka pasi pembeni. "Mimi niliinama miaka minne. Sikudanganyi, karatasi ninayo. Ila mgongo ukishazoea, mtu anaweza kukusimamisha na wewe mwenyewe ukakataa."

Ukuta haukugongwa leo.

Jumatano, 25 Septemba

Karatasi za maneno zimechapwa. Kurasa tano. Kila mstari: sauti inasema nini, mwalimu asimame wapi, mtoto ajibu nini. Mkurugenzi kaandika mwenyewe na nikiri ni mwandishi nadhifu, sijaona kosa hata moja. Mwisho wa somo, mtoto mmoja anatoka mbele na mchoro wake. Sauti: Huyu ni nani? Mtoto: Huyu ni mwalimu wangu. Anamnyooshea mkono Mpanda Milima. Sauti: Vizuri sana! Ndiyo, huyo ni mimi. Makofi.

Mtoto aliyechaguliwa ni Pengo. Ndiye anayetamka vizuri kuliko wote.

Sasa jambo lililonishtua kuliko yote tangu nifike. Si la kwao. Ni langu.

Nimemkuta Pengo kwenye masinki, ananawa rangi mikononi. Akaniangalia kwenye kioo. Mwalimu msaidizi alikuwepo, akanitafsiria. Ameuliza: kwa nini siku hizi unaishi ndani ya ukuta?

Nikasema nina kazi humo.

Ameuliza: wameniambia niseme yule ndiye mwalimu wangu. Yule ndiye?

Mtoto wa miaka sita, mikono inachuruzika maji, ananisubiri. Miaka kumi na mmoja nimewafinya watoto masikio kwa uongo mdogo kuliko huu. Na mimi, kwa sauti hii hii wanayoipenda, nikamwambia: sema kama ulivyofundishwa.

Akakausha mikono. Akaenda.

Sifuri. Sifuri kwa kumi, na niandikiwe kwa wino mwekundu.

Ijumaa, 27 Septemba

Mazoezi ya mwisho. Yamekwenda vizuri mno. Midomo na sauti vimepatana, karani kapiga makofi. Pengo kasema mstari wake bila kosa, kamnyooshea mkono Mpanda Milima, kisha hakutabasamu.

Mpanda Milima kaniletea tufaha. Kalifuta kwenye fulana yake kwanza. Tumelila nusu kwa nusu, tumekaa sakafuni, hatuna lugha.

Shangazi kaandika ujumbe mmoja tu. "Shangazi yako sikukuuliza siku ile, nakuuliza leo. Picha ile ulipoiona ulisemaje?"

Sijajibu. Anajua niliiona. Alijua siku zote.

Jumamosi, 28 Septemba

Saa tatu na robo asubuhi. Niko kwenye trei. Nimevaa blauzi ile. Daftari nimeliweka chini ya karatasi za maneno. Karani amekaa stulini karibu na swichi ya taa nyekundu, anadhani napitia mistari.

Pazia lina mwanya wa vidole viwili. Ukumbi umejaa. Akina baba wamesimama ukutani, simu juu. Kamera ya mtandaoni iko katikati, juu ya miguu mitatu, inatazama mbele. Mkurugenzi kavaa skafu mpya.

Ujumbe wa Mama: Tumeshakaa. Watu kumi na wanne. Mbona hatukuoni?

Tumeanza. Ukurasa wa kwanza umepita. Nimesema habari za asubuhi, Mpanda Milima kapanua mdomo. Hakuna aliyeshtuka! Mama mmoja mstari wa tatu kamwambia mwenzake kitu, kafurahi, kagusa koo lake mwenyewe: sauti nzuri. Anaipenda sauti yangu. Anaitazama ikitoka kwa mtengeneza baiskeli.

Karani anazima taa nikimaliza mstari, anawasha ukifika mwingine. Katikati nina pumzi tatu, nne. Ndimo naandika.

Ukurasa wa tatu. Siku za wiki. Nilipofika Alhamisi nilijizuia, sikukohoa. Watoto wote wakakohoa. Wazazi wakacheka, hawajui wanacheka nini.

Mama: Tunakusikia! Ni wewe! Huyo mzungu aliyesimama mbele yako ni nani? Mwambie asogee.

Mama anadhani yule ananikinga.

Shangazi hajaandika kitu.

Ukurasa wa tano. Pengo anatoka mbele. Ameshika karatasi kifuani, imegeuzwa ndani. Nimesoma mstari wangu: Huyu ni nani? Taa imezimwa. Anageuza karatasi.

Ni ya kahawia.

Ina hereni. Ina kitobo cha pua. Imekunjwa mara nne, aliiokota mahali, sijui wapi, sijui lini. Ukumbi unanong'ona. Mkurugenzi kasimama nusu, kakaa, kasimama.

Pengo kasema mstari wake, wazi, bila spika: Huyu ni mwalimu wangu. Nilimwambia aseme kama alivyofundishwa. Kasema neno kwa neno.

Lakini mkono haukwenda kwa Mpanda Milima. Amegeuka. Anatazama pazia. Ananyoosha kidole kwenye ule mwanya wa vidole viwili, kwenye jicho langu, na wazazi wote wanageuka kufuata kidole, na mtu wa kamera anageuza kamera.

Mpanda Milima anavua kile kipaza sauti. Amekiweka mezani. Amesogea pembeni.

Karani ananinong'oneza maliza, maliza, sema mstari uliobaki, watapiga makofi tufunge. Kidole chake kiko kwenye swichi. Naangalia karatasi. Mstari umebaki mmoja, umechapwa nadhifu na Mkurugenzi, hauna kosa hata moja: Vizuri sana! Ndiyo, huyo ni mimi.

Simu inawaka. Shangazi: Inuka.

Taa nyekundu imewaka. Naweka kalamu, pazia liko umbali wa mkono —